Mafua Yalikokwenda Mwaka wa Korona

Jumatatu, 6 Februari 2023

Nimegundua jambo! Jambo kubwa. Naandika mbio hata kalamu yaniponyoka.

Nieleze kwa utaratibu. Tangu matokeo ya kidato cha nne yatoke, kila asubuhi nakwenda zahanati ya Sista Zilpah, upande wa Makadara, kupanguza rejista za zamani na kuzipanga kwa miaka. Sista anatafuta msichana mmoja wa kumsaidia kuweka kumbukumbu. Atakayempata atamwandikia barua ya kuombea nafasi chuo cha uuguzi. Mmoja tu. Tuko wawili: mimi na Rosebella, niliyesoma naye darasa moja. Babake anafanya kazi bandarini. Rosebella husema jambo mara tu linapomjia kichwani. Mimi likinijia hukaa siku tatu.

Leo nimefungua rejista za 2019 na 2020 nikazilaza ubavu kwa ubavu. Juni 2019, mafua na kikohozi: watu mia moja na kumi na wawili. Juni 2020: tisa. Tisa! Nikahesabu tena. Tisa. Kuhara: kutoka arubaini na saba hadi sita. Kisha Juni mwaka jana, barakoa zimevuliwa na ndoo za kunawia zimerudi majikoni: mafua tisini na wanane.

Kwa hiyo zile ndoo, zile barakoa, kule kukaa mbalimbali, havikuzuia korona peke yake. Vilizuia na mengine, kimya kimya, na hakuna aliyeona.

Nikaenda kumwambia Sista. Nikasimama mlangoni. Nikaendelea kusimama. Rosebella akamwambia Sista kwa sauti kwamba Mejumaa ana neno, lakini liko njiani, lapita Mwembe Tayari sasa hivi. Sista akacheka. Nikarudi kupanguza.

Jumanne, 7 Februari

Nimemwekea Sista karatasi mezani, nikakimbilia uani. Ameisoma! Akaniita. Akasema hesabu ni safi, ila kuna shimo. Juni 2020 watu waliogopa hata kupita upande huu wa barabara. Waliona ukiingia zahanati na kikohozi hutoki tena. "Mejumaa, rejista haihesabu wagonjwa. Inahesabu waliokuja."

Nilihisi masikio yanawaka moto. Kweli kabisa. Huenda watu waliumwa mafua yao nyumbani, mlango umefungwa, chungu cha tangawizi jikoni.

Sista akasema njia ni moja: kuwauliza watu wenyewe. Nani aliumwa nini mwaka ule, na nani anaumwa nini sasa. Mtaa wetu wa Mji wa Kale, nyumba thelathini na moja. Mimi na Rosebella, kila mtu kwa njia yake. Ataamua Jumatatu tarehe ishirini.

Rosebella akasema ataomba namba zote na kumaliza kwa simu, ameketi. Kwa simu! Kumuuliza mtu mzima habari za tumbo lake kwa simu! Mimi nitakwenda mlango kwa mlango, kama mtu aliyelelewa.

Nyumbani, pigo. Ami Muhdhar, mwenye nyumba tunayopanga, ana duka la vinyago na vyombo vya shaba mbele ya Ngome ya Yesu. Msichana wake wa dukani ameolewa. Amemwambia Baba kwamba mimi nitamfaa: nisimame nje, niwaite watalii. Kwa sauti. Siku nzima. Baba amekubali, kama sitapata nafasi kwa Sista.

Mimi hata paka simwiti kwa sauti.

Lazima nipate nafasi ile. Lazima!

Jumatano, 8 Februari

Nyumba ya kwanza. Nimevaa barakoa kwa mfano mwema. Nikapita mlango wa Bi Mwanakuu mara nne nikijizoeza hodi. Mara ya tano akanichungulia dirishani akauliza nimepotewa na nini hapo, na kama ni sindano basi niingie niitafute ndani.

Ndani wamekaa wanawake saba. Wote wakubwa kwangu. Basi nikampa kila mmoja mkono, nikabusu, mmoja mmoja, kuanzia kwa Bi Mwanakuu. Barakoa niliishusha, kwa kuwa huwezi kumwamkia mtu mzima huku umejifunga mdomo. Ni kama kumfungia mlango. Kahawa ikaja, kikombe kikazunguka. Nikanywa. Kukataa ningeweza vipi?

Kisha swali. Nikafungua kinywa, neno "kuhara" likakataa. Mbele ya Bi Mwanakuu! Nikaliandika kwenye karatasi nikampa. Hana miwani. Akampa jirani yake alisome, na jirani yake ni kiziwi kidogo, kwa hiyo husoma kwa sauti ya adhana.

Kikazuka kicheko ambacho nadhani kilisikika Makadara. Bi Mwanakuu akanipiga paja: "Sasa wewe, mama, watembea ukiuliza watu wazima habari za choo? Na ulivyo kimya hivyo!"

Lakini baada ya hapo! Walisema wote kwa pamoja, sikuwahi kuandika yote. Mwaka ule mtaa ulipofungwa, chuo cha Kurani kimefungwa, harusi hakuna, sinia la pamoja hakuna, kila mtu na sahani yake kama hospitali, wajukuu hawakuumwa matumbo. Hawakupenga hata kamasi. Bi Mwanakuu alisema miezi minane hakuna aliyembusu mkono, na miezi minane hakukohoa. Akasema angalipenda kukohoa.

Nimeandika hiyo pia. Sijui inaingia safu gani.

Ijumaa, 10 Februari

Nyumba kumi na nne tayari! Mikono sitini na tatu (nimehesabu). Pua inachuruzika tangu jana na koo linakwaruza. Vumbi la rejista.

Barakoa navaa siku nzima, isipokuwa ndani ya nyumba za watu.

Nyumba ya tisa mama mmoja aliniomba niketi. Akasema yeye hakuhesabu mafua mwaka ule, alihesabu kitu kingine. Mwanawe alizaliwa wakati wa kafyu. Chanjo ya surua ilipofika akaogopa kumpeleka. Akasema atampeleka wiki ijayo, ikawa mwezi ujao, ikawa aibu. Mtoto anakaribia miaka mitatu sasa. Hajachanjwa. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama Sista atamgombeza.

Nikamwambia hapana. Sikuwa na hakika, lakini nilisema, na nilisema kwa sauti. Nimewapata watatu wa namna hiyo. Hilo si la mafua kupungua. Hilo ni la ugonjwa mwingine kupata nafasi huku sote tukiutazama mmoja. Nimefungua safu mpya.

Rosebella alimpigia Bi Mwanakuu akauliza, bila Bi, bila shikamoo, kama hapo ni kwa Mwanakuu. Bi Mwanakuu akamjibu kwamba Mwanakuu amehamia Zanzibar, akakata. Nimecheka peke yangu hadi nikapiga chafya sita.

Jumamosi, 11 Februari

Leo mpango wa ndoo. Hesabu bila vitendo ni bure. Nimeazima ndoo ya Mama yenye mfereji wa kufungulia maji, ile ya wakati wa korona ambayo sasa anawekea unga, nikaiweka kwenye baraza ya Bi Mwanakuu na kipande cha sabuni na tangazo: TUNAWE MIKONO. Herufi za rangi mbili.

Saa tatu, maji yamejaa. Saa sita, maji yamekwisha! Furaha iliyoje. Nikajaza. Saa saba, yamekwisha tena. Nikajificha nyuma ya mlango nione watu wangu wakinawa.

Wanaume wa msikitini wanatawadhia. Wanafika mpaka miguu. Wananiombea dua, aliyeweka ndoo hii Mungu amlipe. Sabuni hawakuigusa. Sabuni ameichukua Ami Muhdhar, nilimwona kwa macho yangu, anang'arishia birika la shaba alilokuja nalo kwapani. Akaniambia aona nimeanza kuzoea kazi za duka.

Jioni Mama akauliza ndoo yake. Ilikuwa na ukwaju umerowekwa ndani. Sijui wa nani.

Sikati tamaa. Kesho nyumba sita. Keshokutwa zilizobaki.

Jumatatu, 13 Februari

Mafua yameingia mtaani!

Nasikitika, bila shaka. Lakini ushahidi gani huu! Ninaandika juu ya mafua, na mafua yamekuja yenyewe kuandikwa. Nyumba ya kwanza, watano kati ya wanawake saba. Nyumba ya pili, wote. Ya tatu, ya nne. Bi Mwanakuu amelala, kichwa kimefungwa leso, sauti imekwenda.

Nilikwenda kuwajulia hali, nyumba zote zenye wagonjwa. Nikampa kila mgonjwa mkono. Mgonjwa ndiye wa kubusiwa zaidi, maskini. Nikakaa kitandani kwa Bi Mwanakuu nikamshikia kikombe. Akasema kwa kukwaruza kwamba nina moyo mwema. Akapiga chafya. Nikapiga chafya.

Mchana nikamaliza nyumba zilizobaki. Thelathini na moja! Zote! Mimi, Mejumaa, ambaye mwalimu aliandika kwenye ripoti kwamba hajapata kuisikia sauti yangu.

Jumanne, 14 Februari

Mafua yanakwenda kwa mpangilio. Hili ni la ajabu sana. Hayarukiruki. Yanafuata nyumba moja baada ya nyingine, kuanzia kwa Bi Mwanakuu, yakishuka na uchochoro, kana kwamba yana orodha.

Nimefikiria sababu. Upepo wa kaskazi? Mitaro? Ile meli ya watalii ya wiki iliyopita? Ami Muhdhar amefunga duka, anapiga chafya hadi vikombe vya shaba vinalia, na yeye ndiye anayeshikana mikono na watalii. Nimemwandika: anashukiwa.

Kisha nikaona jambo jingine. Rosebella haumwi. Hata kidogo. Anakaa kwenye benchi la zahanati na simu yake, mzima, anatafuna muwa. Kwa nini? Sote mtaani tunapenga, yeye anatafuna muwa. Ana siri huyu. Nimemwandika pia.

Nimechora ramani ya mtaa kwa kalamu nyekundu na kuweka tarehe ya kila nyumba. Nzuri sana. Alhamisi namkabidhi Sista. Nadhani nafasi ni yangu.

Alhamisi, 16 Februari

Ngoja nipumue kwanza.

Sista aliitandaza ramani mezani. Akaisifu. Akasema katika miaka ishirini ya kazi hajaona mtu aliyeleta habari za matumbo ya watu kwa ukamilifu huu. Nyumba ishirini na sita kati ya thelathini na moja zilikumbuka kwamba mwaka ule mafua na kuhara vilipungua kweli, ndani ya nyumba, si kwenye rejista tu. Kwa hiyo shimo limezibwa. Na wale watoto watatu wa surua, akasimama palepale akayaandika majina. Kesho atawafuata mwenyewe. "Kwa hili peke yake, mwanangu, umefanya kazi ya mtu mzima."

Mwanangu! Rosebella akaacha kutafuna.

Halafu Sista akaomba orodha yangu nyingine, ile ya siku nilizotembelea kila nyumba. Nikampa. Akaiweka kando ya ramani. Kidole kimoja hapa, kimoja pale. Nyumba ya kwanza: nilifika Jumatano, mafua Ijumaa jioni au Jumamosi. Nyumba ya nane: nilifika Alhamisi, mafua Jumamosi. Nyumba ya ishirini: nilifika Jumapili, mafua Jumanne.

Rosebella ndiye aliyesema. "Sista, ugonjwa wenyewe unaitwa Mejumaa."

Sista akaniuliza niliwaamkia vipi. Nikamwonyesha. Akauliza kwa mkono? Kwa mkono. Na kubusu? Na kubusu. Na barakoa? Nikamweleza kuhusu adabu. Akavua miwani akajifinya pua muda mrefu. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na hakutaka nione.

Akasema: mtu mzima akiona hukumbusu, atakasirika siku moja. Ukimbusu na mafua, atalala wiki. Mwaka wa korona tulilijua hili hata vizee, tuliweka mkono kifuani tukaamkiana, na hakuna aliyekufa kwa kukosa kubusiwa. "Kazi yako ni nzuri, Mejumaa. Wewe ndiwe tatizo."

Lakini! Nafasi bado haijapotea. Amesema anataka mtu ambaye watu watamwambia ukweli, na mimi wananiambia. Sharti moja. Nikae nyumbani hadi Jumatatu saa mbili. Nisiingie nyumba ya mtu. Nisimguse mtu. Jumatatu nikija mtaa ukiwa umetulia, nafasi yangu. Ukiwa haujatulia, ya Rosebella.

Siku tatu na kitu. Kukaa bila kuonana na watu ndicho kipaji changu tangu nizaliwe. Nitaweza!

Ijumaa, 17 Februari

Niko nyumbani. Mafua yangu yamekwisha kabisa. Nimeosha leso zote. Nimejifunza mengi. Nimeyaandika kwenye ukurasa wa peke yake na kuyapigia mstari.

Mdogo wangu Shukri amerudishwa nyumbani kutoka chuoni tangu jana, macho mekundu kama pilipili, yanatoka tongo. Nimempangusa kwa ncha ya leso yangu asubuhi na mchana, maskini, hayafunguki.

Adhuhuri Mama alirudi sokoni uso umebadilika. Habari zimefika. Rosebella amesimulia. Bi Mwanakuu ameuliza mbele za watu: mtoto ananiletea ugonjwa mpaka kitandani, kisha hata pole haji kunipa?

Nimekaa na neno hilo saa nzima. Watu walinifungulia milango, wakanipa kahawa, wakaniambia habari za choo zao!

Rosebella akapiga simu. Akasema, kwa sauti ya upole ambayo siiamini, kwamba niwaombe radhi wote kwa simu, yeye atanipa namba zote. Kwa simu! Mtu umemlaza kitandani wiki nzima, umwombe radhi kwa simu, kama unayeuliza bei ya samaki.

Nimefikiri kwa makini. Sista alikataza nini hasa? Alikataza kueneza mafua. Mafua sina. Utafiti nimemaliza. Kuomba radhi si utafiti. Na mtaa utatulia vipi Jumatatu kama wote wamenikasirikia? Kwa kweli nikikaa ndani ndipo nitakapovunja sharti.

Nimeamua. Baada ya alasiri naanza na Bi Mwanakuu.

Jumapili, 19 Februari

Nyumba zote thelathini na moja. Siku tatu. Sijapata kujivunia kitu namna hii.

Safari hii sikupita mlango hata mmoja mara mbili. Hodi moja, ndani. Nilimshika Bi Mwanakuu mikono yote miwili nikambusu, nikamwomba radhi kwa maneno kamili, yenye sauti, mbele ya watu. Alilia. Nikalia. Nikampangusa machozi kwa leso yangu, kisha nikajipangusa mimi. Akasema hasira zimekwisha, na kwamba mafua yenyewe hayakuwa mabaya, maana alitembelewa na watu wengi. Na hivyo nyumba hadi nyumba. Wengine walinikumbatia shavu kwa shavu. Ami Muhdhar hata yeye alitokwa na chozi, nikampangusa. Akasema sauti yangu imefunguka, sasa naweza kuwaita watalii hadi walio melini. Nikatabasamu tu. Kesho atajua ninakwenda wapi.

Mafua mtaani yamekwisha. Nimehakikisha mwenyewe, kila nyumba. Hakuna hata chafya. Sharti limetimia!

Jioni hii kuna jambo moja dogo. Nyumba ya kwanza wametuma mtu: Bi Mwanakuu na wenzake wanne wameamka macho mekundu, yanawasha, yamegandana. Nyumba ya pili pia. Ya tatu, ya nne. Na mimi jicho la kushoto linanikera tangu mchana, nadhani ni kwa kuandika sana.

Nimerudi kwenye rejista nilizonakili. Macho mekundu, Juni 2020: hakuna. Hata mmoja! Sikuwahi kuitazama safu hiyo. Ugonjwa mpya kabisa wa kuchunguza, na umeanzia nyumba ile ile, unashuka uchochoro ule ule. Sista hataamini. Rosebella, na simu yake, hajui lolote.

Kesho nitatoka mapema. Nitapita kwanza kwa hao wagonjwa niwape mkono wa pole, niandike nani aliamka na jicho lipi. Saa mbili kamili niko zahanati. Nimekwisha kuamua nitakavyoingia: sitasimama mlangoni. Nitakwenda moja kwa moja hadi kwa Sista Zilpah, nimshike mkono wake nimbusu.